Majani Nyuma ya Mchuma Chai

Kila asubuhi mchuma chai hupita hapa kwa bustani ya mji wa Kericho, ninapofagia, akitoka upande wa kanisa la mawe walilojenga wazungu wa mashamba na kuelekea hekalu la Masingasinga. Namwita mchuma chai, ingawa mashine zilimtoa shambani mwaka juzi. Hatazami jengo lolote. Anatembea mbio kama anayechelewa kazini. Akifika kwenye ua wa miti, mikono yake huanza kuyachuma majani yake: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kisha anayarusha juu ya bega, pale kikapu kilipokuwa. Nyufa za vidole vyake bado zina weusi wa utomvu. Mimi humfuata na ufagio. Jumatatu nilimtania, “Mama, leo umefikisha kilo ngapi?” Akageuka, akaona majani yametapakaa njiani mpaka langoni. Akajipapasa mgongo.

“Kumbe nimekuwa namwaga chini,” akasema, “na hakuna mtu ananiambia?”

Siku hizi hupita mikono ameifunga ndani ya leso, na mimi sina cha kufagia.