Kiki Iliyokataa Kurudi Juu

Ijumaa, tarehe 20 Machi 1998. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikaacha kama saa nne, lakini mawingu yalibaki juu ya milima, kama yanasubiri tusahau.

Naandika ninavyokumbuka. Mke wangu anaikumbuka siku hii kwa namna yake, na pengine yeye ndiye aliye sawa.

Tulikaa mtaa wa Buyenzi, ambako kila mwanaume ni fundi au anajidhani fundi. Mimi nilikuwa wa kundi la pili. Pikipiki niliinunua kwa mtu aliyekuwa anavuka mpaka kwenda Uvira na watoto wake. Nilimpa bei aliyotaja, ila aliitaja kwa haraka, na jambo hilo bado linanisumbua. Ilikuwa kuukuu, kutu mpaka kwenye taa. Kwa sababu ya embago, vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani, vipuri vipya havikuingia mjini, kwa hiyo nilifungua, nikasugua, nikafunga tena vilevile vya zamani. Mke wangu alikaa kando akinipa spana na kuniuliza maswali ambayo mara nyingi sikuwa na majibu yake.

Mzee mmoja Mwarabu, mwenye tanuri la mikate mtaani kwetu, alikuwa akitafuta mtu wa kupeleka mikate Cibitoke kila asubuhi. Aliniambia, "Mimi maneno nimeshiba. Ijumaa, kabla ya Magharibi, niisikie hiyo pikipiki mlangoni kwangu. Nisipoisikia, kazi nampa mwenye baiskeli."

Niliitaka sana kazi ile. Mama mkwe na wadogo wa mke wangu walikuwa wamekimbia kutoka mtaa wa Kinama na walilala sebuleni kwetu. Nani aliwakimbiza siandiki. Sikuwepo, na wao wenyewe hawasemi jambo moja.

Asubuhi ya Ijumaa ilibaki kiki tu, ule mguu wa kuwashia. Ilikuwa inateleza. Nilifungua kifuniko cha injini, nikatoa kwenye shafti yake springi, gia ndogo, na pete za chuma zinazofanana kama mapacha. Kila kitu nilikipanga kwenye mkeka kwa jinsi kilivyotoka. Springi niliyopata kwa muuza vyuma chakavu niliiweka pale mkekani, mahali pa ile iliyokatika. Adhana ikanikuta hapo. Nikanawa, nikaenda msikitini.

Niliporudi, mkeka ulikuwa mtupu na mvua imeanza tena. Injini ilikuwa imefungwa.

"Niliona mvua inakuja," mke wangu alisema. "Ningevikusanya kwenye sahani vingechanganyika. Nikaona kila kimoja kikae kwake, ndani."

"We mwenyewe umefunga?"

"Kwani mikono yangu ina nini?"

Nilikanyaga kiki. Ikashuka, ikabaki chini. Nikaivuta kwa mkono, nikakanyaga, ikalala tena. Nilitaka kugomba, lakini nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyeacha vyuma kwenye mvua.

Jirani yetu, fundi wa magari, alikuwa amejikinga barazani kwetu. "Shemeji," alimwambia mke wangu, "hiyo kiki umeipa usingizi!"

Tukafungua tena. Mke wangu akawa anatoa kimoja kimoja, akinieleza. "Kilichotoka mwisho kinarudi kwanza, si ndivyo unavyosema kila siku? Cha mwisho kilikuwa huku kulia."

"Apana. Cha mwisho kilikuwa kushoto. Mi nimeanza kulia."

"Nani anaanza kulia?"

Tukatazamana. Mimi shule yangu ndefu ilikuwa madrasa, na mkono wangu huanza kulia hata bila kuniuliza. Yeye alisoma Kinama, kwa mapadri, kabla hatujaoana. Alikuwa amevisoma vyuma vyangu kama mstari wa daftari lake, kushoto kwenda kulia.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Mutu amefungua Kiarabu, mwenzake amefunga Kifaransa! Sasa pikipiki iongee nini?"

Mama mkwe naye alicheka, mara ya kwanza tangu afike kwetu. Nilitamani asiache.

Tulivirudisha pamoja, yeye akishika, mimi nikikaza, na kila pete tuliulizana kabla ya kuiingiza. Kiki ikashuka, ikarudi juu. Nilikanyaga hadi mguu ukauma. Mara bomba la moshi likapiga mlio mkubwa, na watu wote uani wakalala chini wakidhani ni risasi; hata mimi niliachia usukani. Kisha tukaisikia inanguruma. Tukainuka na matope magotini, tunacheka kwa aibu.

Jua lilikuwa karibu kuzama nilipofika tanurini. Mzee hakutoka. Alichungulia dirishani, akasikiliza kidogo, akasema, "Inakohoa."

"Ndiyo, mzee. Lakini iko."

"Kesho, amri ya kutotoka usiku ikiisha tu, uwe hapa."

Akanipa mikate iliyoungua chini, ambayo asingeweza kuiuza. Nilirudi upesi kabla ya njia kufungwa.

Jioni ile tulikula maharage na ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mikate ile tukaikwangua masizi kwa kisu. Mama mkwe aliomba kipande kingine.