Mama Tupa na Mikanda ya Shemeji Yake

Mimi ni mtu wa kupita. Nimelala miji mingi na kufanya vibarua vya kila aina, lakini sijaona mtu aliyeilea hasira kwa upole kama mwanamke tuliyemwita Mama Tupa.

Jina alilipata kwa tupa yake ya kunolea. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na mashine ya kupasua mbao, ile ya kukokotwa nyuma ya gari, yenye mkanda wa chuma wa meno unaozunguka magurudumu mawili. Mume alisukuma, mke alinoa. Jino baada ya jino, mkanda mzima, ameketi barazani, midomo ameibana kama mtu anayetunga sindano.

Mume akafa. Kaburi halijakauka, mdogo wa marehemu akaja na gari.

"Shemeji, mwanamke na msumeno wapi na wapi?"

Akaondoka na mashine na karatasi zake. Ndugu wote walikuwepo na wote walikuwa mabubu siku hiyo. Mama Tupa alisema tu, "Haya, baba. Kazi njema."

Na akaendelea kumnolea. Mimi wakati huo nilikuwa nampasulia kuni, nikamwuliza inakuwaje.

"Adui mshike mkono, babu," alisema. "Ukimwachia, utajuaje anaelekea wapi?"

Miaka miwili shemeji alipasua miti laini, akanenepa kwa sifa. Ndipo akatokea mwenye shamba mmoja, mtu mkavu wa maneno. Alikuwa na magogo manne ya mti wa kigeni, babu yake alileta mbegu kutoka ng'ambo. Kipande chake ukikitia majini kinazama kama jiwe. Alitaka mbao za ngazi, na sharti lake lilikuwa moja: mashine ikiingia, haitoki mpaka magogo yaishe. Shemeji alikubali mbele za watu, mkono kiunoni.

Akaleta mikanda barazani. "Shemeji, ninolee kama kawaida."

Kola ya shati lake ilikuwa na unga wa mbao, manjano yenye ukijani. Alikuwa ameshaujaribu ule mti kwa msumeno wa mkono. Mama Tupa akanyoosha kidole, akaigusa kola, akanusa, akapiga chafya.

"Kama kawaida?"

"Ndiyo, kama kawaida. Kwani umesahau?"

"Sijasahau kitu, baba."

Niwaeleze kama nilivyoelezwa. Kwa mti laini, meno huinamishwa mbele kama kucha za paka, yadake. Kwa mti mgumu lazima yasimame zaidi, la sivyo yanadaka yasichoweza kumeza, na mkanda unaanza kupanda na kushuka. Siku mbili alinoa kucha za paka. Sijaona meno mazuri namna ile.

"Si umwambie?" nikasema.

"Ameniuliza?"

Siku ya kazi alivaa viatu vya kutokea, tukaenda kusimama kwenye uzio. Mkanda uliingia ukiimba. Hatua mbili tu, sauti ikageuka kilio. Ubao wa kwanza ulitoka na mawimbi kama bati la paa.

"Fundi," akasema mbeba magogo, "hii ngazi ya kupanda au ya kuogelea?"

Shemeji akabadilisha mkanda, akasukuma kwa kifua. Moshi. Mkanda ukakatika paa! Wa tatu hivyo hivyo. Kufika adhuhuri gogo la kwanza lilikuwa kuni.

Mwenye shamba akalizunguka polepole. "Ukiharibu la pili, mashine ni yangu."

Hapo shemeji akamwona Mama Tupa kwenye uzio. "Umeniharibia mikanda!"

"Kagua meno, baba. Kama kawaida."

Akakagua. Jasho likamtiririka hadi kidevuni. "Shemeji, nisaidie. Mashine itakwenda."

"Karatasi."

"Mashine ya kaka yangu hii!"

"Basi mwite kaka yako aje anoe."

Alikwenda nyumbani, akarudi nazo. Aliziandika kwa jina la Mama Tupa juu ya boneti ya gari, mwenye shamba akatia sahihi ya shahidi. Nilidhani basi. Mama Tupa akazikunja, akazitia kifuani.

"Sasa lirudie lile neno lako la siku uliyoichukua mashine."

"Neno gani tena?"

Mama Tupa akageuka kama anayekwenda zake. Shemeji akalisema kwa sauti ya mbu. Akaambiwa apaze. Akalisema mara tatu, ya tatu kwa kelele, na wabeba magogo waliokuwa wakicheka wakageukia magogo yao. Hata mimi nilitamani kuwa kwingine.

Mama Tupa alinoa upya mikanda iliyobaki hadi jioni, meno yakasimama. Kesho yake alidondoshea mkanda maji ya sabuni, akapigilia kabari nyuma ya mkato ili gogo lisiubane, akasukuma pole pole kama anayemtembeza mgonjwa. Mbao zikatoka zimenyooka, laini kwa kiganja.

Shemeji aliomba kazi naye akampa: kubeba hayo maji.

"Mashine umeipata," nilimwambia siku ninaaga. "Si umfukuze tu, yaishe?"

"Nikimfukuza atasahau, babu." Akageuza uso kuelekea kisimani. "Shemeji! Maji!"

Yule bwana akaja mbio, ndoo inamwagikia miguuni.