Bi Kaa Kwanza

Wagonjwa walimpa shangazi yangu jina la Bi Kaa Kwanza, na walikuwa na haki. Hata uingie chumba chake unahema, saa mkononi, yeye atakuonyesha kile kiti cha mbao cha dirishani. "Kaa kwanza. Mwili umefika, moyo bado uko njiani."

Alikuwa muuguzi wa zahanati ya daktari mmoja kwa miaka ishirini na minane. Presha alipima mara mbili. Ya kwanza aliiandika kwenye kadi kwa penseli. Kisha alikuuliza habari za watoto na kuvitania viatu vyako, dakika tano zipite, apime tena, mara nyingi ikiwa imeshuka, na kuandika kwa wino. Mpaka leo nasikia vicheko vya chumba kile, na ninavitamani.

Vikaja vigezo vya ubora. Kila mwaka zahanati ipeleke takwimu wizarani: wagonjwa wangapi presha zao zimeshuka. Karani wa kuziingiza kwenye kompyuta nikaajiriwa mimi, tena kwa kuombewa na shangazi. Kila kadi ilikuwa na namba mbili. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilijiona msomi. Nikaamua kwamba penseli ndiyo ukweli na wino ni huruma ya shangazi kwa watu wake. Nikaingiza za penseli.

Miaka miwili mfululizo tukashika mkia. Daktari, macho chini, akamwambia shangazi akapumzike. Akaletwa muuguzi mwepesi, dakika moja kwa mgonjwa, na kiti cha dirishani kikapelekwa stoo. Shangazi alikunja aproni yake akaaga chumba kwa chumba. Mimi aliniaga mwisho.

Mwaka jana vigezo vikafanyiwa marekebisho. Waraka ukasema: mgonjwa akae dakika tano, apimwe mara mbili, kihesabiwe kipimo kilicho chini kati ya hivyo viwili. Niliusoma mara mbili. Nilizitoa kadi za zamani nikahesabu upya kwa wino. Katika kila wagonjwa kumi, wanane walikuwa salama.

Nilikwenda kwake karibu mbio, waraka mkononi.

"Shangazi, ni mimi niliye..."

"Kaa kwanza."

Akaleta mashine yake ya zamani, akanifunga mkono, akaandika kwa penseli nyuma ya bahasha. Akaniuliza habari za mke wangu na mtoto. Nilijibu huku nalia kama mtoto mwenyewe. Akapima tena, akachukua kalamu ya wino.

"Haya, sasa sema."

Nikasema yote. Hakushtuka.

"Nilijua, mwanangu. Ile ripoti ilipobandikwa ukutani, niliona ni namba zangu za penseli."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungefukuzwa wewe. Na mkeo alikuwa na mimba ya miezi saba."

Akakunja bahasha akaniwekea mfukoni, akaenda kuinjika chai.