Aliyemlilia Mwalimu Angali Hai

Saa moja na robo asubuhi, makarani wa ghorofa ya nne bado wako njiani, na ngazi za jumba hili nyuma ya Soko la Jiji, Nairobi, ni za Peres Nanjala peke yake. Anashuka kinyumenyume, ngazi baada ya ngazi, tambara mkononi, ndoo ikimfuata. Anaimba. Sauti inapanda hadi ghorofa ya sita na kurudi chini ikiwa imenenepa.

"Hapa ndio pazuri," anasema, akigonga ukuta. "Ukiimba kidogo, ngazi inakuongezea."

Nanjala ana miaka thelathini na minne, watoto watatu na chumba kimoja Kangemi. Kuosha ngazi kunamlipa shilingi mia moja na sitini kwa mwezi. Kodi ni arobaini, na zinazobaki, anasema, "zinajua njia zenyewe." Kuanzia Jumatatu ijayo, akimaliza ngazi, atakuwa mwanafunzi wa maigizo. Walioomba walikuwa mia moja na wanne, nafasi kumi na mbili, na ni yeye peke yake aliyeingia kwa pesa za matanga ya mtu ambaye hadi leo anakula ugali.

Niisimulie vizuri, maana mjini imeshapotoshwa sana.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 1973, Njambi, mpiga chapa wa ghorofa ya nne, aliona tangazo gazetini: darasa la maigizo na muziki, miezi tisa, alasiri tu, katika ukumbi wa kukodi karibu na Adams Arcade, Ngong Road. Mafunzo yangelipiwa na wafadhili. Lakini kila atakayechaguliwa alitakiwa kutoa shilingi themanini za vitabu na mavazi siku hiyo hiyo, la sivyo nafasi apewe anayefuata.

Njambi alimshukia Nanjala ngazini na gazeti lake. "Mama Shem, hii ni yako. Kila siku unatuimbia bure."

Nanjala alikuwa na sababu ya kumwamini. Kwao Bungoma, mama yake ndiye aliyekuwa akifungua kilio matangani, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Hapa Kangemi, mtu wa kwao akifariki, hodi ya kwanza hupigwa mlangoni kwa Nanjala. Malipo ni soda na mkate.

"Nimelilia watu zaidi ya mia," anasema, bila majivuno wala aibu. "Wengine hata sikuwa nawajua."

Kwa hiyo Jumamosi ya mtihani alikwenda Ngong Road kwa miguu, akiwa na shilingi ishirini na imani.

Mkuu wa darasa ni Bwana Ephantus Mungai, mwenyeji wa Kabiria, aliyesomea maigizo ng'ambo miaka miwili akarudi na ndevu. Jaribio lake lilikuwa moja kwa wote: mama anapokea habari kwamba mwanawe amekufa. Waliomtangulia Nanjala walilia kwa adabu, leso machoni. Mmoja aliomba ruhusa ya kulia akiwa ameketi.

Zamu ya Nanjala ilipofika, hakulia. Aliuliza, "Marehemu anaitwa nani?"

"Jina si muhimu, mama. Ni mchezo tu."

"Mwalimu, nitalilia mtu hana jina? Atajua aje ni yeye?"

Mungai hakuwa amekunywa chai tangu asubuhi, na ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa kwao Nanjala asingelifanya hata akiwa na homa. "Mwite Ephantus," alisema.

"Ameoa?"

"Hajaoa."

"Shamba?"

"Liko Kabiria, la baba."

"Analima?"

"Halimi."

"Haya," akasema Nanjala, akavua viatu.

Waliokuwamo wanasema kilio kilianza taratibu, halafu kikapanda. Alimwita Ephantus arudi. Alimuuliza shamba la Kabiria amemwachia nani, na zile ndevu atazirithi nani ilhali mtoto hana. Katibu wa darasa alilia mpaka karatasi za alama zikalowa. Mungai akagonga kengele kuonyesha kwamba muda umekwisha. Nanjala akaendelea. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu, lakini wapi. Kilio hakizimwi kwa kengele. Kwao, mwenye kulia hunyamaza pale mtu anapomshika bega na kumwambia inatosha, na ukumbini hakuna aliyelijua hilo.

Sasa, jirani na ukumbi huo kunajengwa nyumba za ghorofa, na vibarua wengi ni watu wa magharibi mwa nchi, upande wa kwao Nanjala. Hao, wakisikia kilio, hawaulizi kama wamealikwa. Dalmas Were, fundi wa mawe, aliweka mwiko chini na kuvua kofia. Dakika tano baadaye wanaume thelathini walikuwa ndani ya ukumbi, simiti magotini, wameinamisha vichwa.

"Hiyo haikuwa kilio ya mchezo," anajitetea Dalmas. "Ukisikia hiyo na ubaki unapiga plasta, watu watasema wewe ni mtu wa aina gani?"

Kofia yake ikazungushwa, na kila mtu akatia alichokuwa nacho. Kisha Dalmas akamwendea Mungai, ambaye kwa uso alionekana ndiye mwenye msiba, akamshika mkono.

"Pole sana, mwalimu. Marehemu ni nani?"

"Ephantus."

"Alikuwa nani yako?"

"Ni mimi."

Dalmas anakiri kwamba alirudi nyuma hatua tatu, na ni kutoka huko alikomweleza mwalimu jinsi kilio cha kwao kinavyonyamazishwa. Mungai hakuwa na la kufanya ila kupanda jukwaani na kumshika Nanjala bega. "Mama, inatosha," alisema. Nanjala akanyamaza papo hapo, akapangusa uso kwa leso ya kichwani, akauliza kama amepita.

Alikuwa amepita. Lakini zile themanini? Alitoa ishirini zake, akazitandaza mezani, na anayefuata kwenye orodha akaanza kusogeza kiti karibu.

Mungai aliwageukia mafundi, akawataka wachukue pesa zao kwa kuwa hakuna aliyekufa. Hakuna mkono uliosogea.

"Pesa ya matanga hairudi kwa mfuko," Dalmas alimwambia. "Ukirudisha, unabeba kifo unaipeleka nyumbani."

Mungai naye hakutaka kulala na rambirambi yake mwenyewe chini ya paa moja. Dalmas ndiye aliyekata kesi. Pesa ya msiba ni ya mfiwa, alisema, na mfiwa ni nani kama si huyu aliyelia? Kofia ilikuwa na shilingi hamsini na moja. Pamoja na zile ishirini, zilipungua tisa. Mwalimu akatia mkono mfukoni na kuzitoa, na kwa kadiri nijuavyo mimi, ndiye mtu wa kwanza Nairobi kuchangia matanga yake mwenyewe.

"Habari zilifika Kabiria kabla yangu," Mungai ananiambia. "Nilimkuta mama mlangoni ameshika jembe. Siku hizi kila Jumamosi nalima."

Langoni pa ukumbi ametundika kibao: HAPA HAKUNA MSIBA. Dalmas anasema wao wataendelea kuamini masikio yao.

Nanjala amefika ngazi ya mwisho. Anakamua tambara, anajinyoosha mgongo. Namuuliza kama sasa atakuwa akilia kwa mshahara, nami nacheka. Yeye hacheki.

"Kulia, hapana. Mwalimu ameniahidi kwa mchezo wa mwisho nitakuwa mama ya bibi arusi." Anageuza ndoo, maji yanakwenda zake mtaroni. "Unajua, nyumbani nikisimama tu, watu wanaanza kutafuta jeneza iko wapi. Maisha yangu yote wakinitazama, ni kwa sababu mwingine amelala pale. Nataka siku moja nisimame mbele ya watu, waniangalie mpaka mwisho, na kusiwe na mtu amekufa."