Aliyeita Mara Moja

Nilipokuwa mtoto mjini Ibra, Omani, sauti iliyonitisha kuliko zote ni ya mtu anayeita mara moja akanyamaza. Bibi yangu, aliyetoka Unguja na imani zake zote, alikuwa kashatuapia: binadamu hupiga hodi, akarudia, akarudia tena. Anayekuita mara moja magharibi ni jini. Ukimwitika tu, umekwisha.

Jirani yetu, Bi Thuraya, alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, hodi haijui. Asubuhi geti likiwa wazi aliingia tu na birika lake la kahawa. Likifungwa, aliita mara moja. Kwao, kurudia ni kuwasukuma watu, na huenda wako kwenye sala. Haya, masikini, tuliyajua tumeshachelewa.

Magharibi moja tumeshaswali, Bibi bado yuko juu ya msala, nikasikia nje ya geti, "Ya Umm Said!" Ndivyo Bi Thuraya alivyomwita Bibi, mama wa ami yangu Said. Nikainuka. Bibi akanikamata mkono mpaka ukaniuma.

"Kaa chini, we! Jini huazima sauti ya unayemjua."

"Lakini Bibi, ni yeye."

"Akiwa yeye, ataita tena."

Tukangoja. Hakuita.

Kumbe kifua kilikuwa kinambana mumewe Bi Thuraya, naye alikuja kuomba gari ya ami Said. Alirudi kwake angoje tumalize sala. Isha haijaadhiniwa, tukasikia kilio ng'ambo ya ukuta.

Tulipokwenda kumhani, Bi Thuraya ndiye aliyemwomba Bibi radhi. "Nilikuita, nikadhani mnaswali. Sikutaka kuwakera." Kikombe cha kahawa kilimtetemeka Bibi mkononi, na kule anayetikisa kikombe ametosheka, basi wakamwondolea.

Tangu siku ile, magharibi Bibi aliitika kila kitu: paka, upepo, geti likilia. "Abee! Karibu!" Hivyo hivyo mpaka akafa. Nilikuwa nikimwonea huruma, na nikimwogopa.

Siku hizi nakaa Nizwa, Omani hiyo hiyo, nina kengele mlangoni. Sijui majini huita mara ngapi. Najua kina mama wawili wenye adabu walingojana, na mtu akafa. Kengele ikilia mara moja magharibi, mwili wote unanisisimka, wallahi, lakini nakwenda. Mara nyingine nafungua, hapana mtu. Nasema karibu, na mlango nauacha wazi kidogo.