Begi la Lita Sabini Kwenda Ringwani

Ijumaa jioni, Turwa. Safari hii ilianza kwa simu ya mke wangu. Yeye anafundisha shule ya msingi huko Ringwani, wilaya ya Serengeti. Mimi nafundisha jiografia hapa mjini Tarime. Kazi ilitupanga mbalimbali, nasi tumezoea kuulizana hali kwa simu. Siku hiyo hali haikuwa nzuri. Pumu ilikuwa imeanza kumbana kifua, pampu yake ya kuvuta ilibakiwa na dawa ya mara tano au sita, na zahanati ya karibu ilikuwa imeishiwa. Mvua nayo ilikuwa imebomoa kalavati, magari hayaingii. Kutoka barabara kubwa ni mwendo wa miguu wa muda wa saa nne.

"Niletee pampu, Baba Tumaini," alisema. "Usichelewe."

Nilishuka hadi duka la dawa nikanunua. Ni kitu cha kuenea kiganjani. Kama ningekuwa na akili timamu, ningeondoka nayo alfajiri na masimulizi haya yangekuwa mafupi.

Jumamosi, Sirari. Badala ya kwenda Ringwani nilikwenda mpakani, upande mwingine kabisa, kununua begi. Nilijiambia kwamba mtu mzima hatembei saa nne kwenye matope bila vifaa. Mimi ndiye mwalimu ninayewafundisha wanafunzi kujiandaa na majanga. Ningeonekanaje nikivuka mto na kijimfuko mkononi?

Muuzaji alinisoma mara moja. Alishusha begi la kijani lenye mikanda mingi kuliko tandiko la farasi, na kifuani lina filimbi.

"Hii ni lita sabini, mwalimu. Wazungu wanapanda nayo mlima. Ukibeba hii, hata mvua inakupea njia."

"Naona kama ni refu. Mgongo wangu ni mfupi."

"Mgongo utazoea, boss."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokosea, nami nakueleza taratibu ili wewe usipotee. Begi halichaguliwi kwa wingi wa mifuko yake. Inamisha kichwa, papasa mfupa unaojitokeza chini ya shingo. Pima kutoka hapo hadi usawa wa juu wa nyonga. Huo ndio urefu wa mgongo wako, na begi lazima liufuate. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, kwa sababu nyonga ndizo zinazobeba na mabega yanasaidia tu. Mkanda wangu ulining'inia karibu na mapaja. Halafu, lijaribu begi likiwa na uzito ndani. Mimi nililijaribu tupu, mbele ya kioo cha duka, nikajigeuza mara tatu. Nilipendeza sana.

Jumamosi jioni, nyumbani. Begi kubwa lina tabia ya ombaomba: likiona nafasi, linataka kitu. Nilitia kamba ndefu, shoka dogo, tochi mbili, hema, jiko la gesi, sufuria, na mchele kilo mbili, ilhali nilikuwa nakwenda kwenye nyumba yenye jiko, sufuria na mchele. Pampu niliificha mfuko fulani wa ndani wenye zipu, mahali salama kabisa. Mke wangu akapiga simu.

"Umefika wapi?"

"Najiandaa."

"Haya," akasema, akakata.

Jumapili, saa tatu asubuhi, kwenye kona ya kuingilia Ringwani. Basi lilinishusha nikaanza kutembea. Baada ya nusu saa mabega yalikuwa yanawaka. Kila kizito nilikuwa nimekiweka upande wa nje, mbali na mgongo, kwa hiyo begi lilinivuta nyuma kama ng'ombe aliyegoma kufuata kamba. Kwenye mteremko karibu na kalavati begi lilinishinda. Nilianguka chali, nikabaki pale juu yake nikirusha miguu kama kobe.

Aliyenikuta hapo ni mama mmoja wa makamo, Mama Bhoke, akitoka mashineni na punda wawili waliobeba unga. Alisimama akaniangalia bila haraka.

"Shikamoo, mama," nilisema nikiwa chini.

"Marahaba. Huyo mtoto wako amekua, bwana. Mshushe atembee."

Alinifungua mikanda akaninyanyua. Kisha, bila kuomba ruhusa, akavuta kola ya shati langu akachungulia mabega.

"Umechunika. Punda akiwa na kidonda hapa, hatumcheki punda. Tunamcheka aliyempakia." Akalipiga begi teke dogo. "Hili linaingia kiasi gani?"

"Lita sabini."

"Za maziwa?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akamshikilia punda.

"Sikiliza, mura, kijana wangu. Kizito kinalala karibu na mgongo, katikati. Chepesi kinakaa chini na nje. Kulia na kushoto vilingane. Na kitu utakachokihitaji kwanza, unakipakia mwisho. Wewe unakimbilia nini Ringwani?"

"Nampelekea mke wangu dawa. Ni mwalimu wa shule ya huko, amebanwa na pumu."

Kicheko kikakatika. "Iko wapi?"

Niliingiza mkono mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafungua zipu ya juu, ya chini, ya ubavuni. Mama Bhoke alingoja kidogo, kisha akalishika begi kwa chini akalimwaga lote barabarani. Hema likaangukia tope. Mfuko wa mchele ukapasuka. Tulipekua wote wawili, jasho likinitoka, hadi nikaipata pampu ndani ya kifuko cha ndani kabisa, chini ya kamba.

Aliichukua, akaitazama, akaitumbukiza katika mfuko wa shati langu na kufunga kifungo.

"Sasa nenda. Haya makorokoro nitayaleta na punda."

"Mama, ni mbali, labda niku..."

"Mke wako anakata roho, wewe unanipigia hesabu ya mbali. Nenda."

Saa nane mchana, Ringwani. Nilimkuta mke wangu barazani, ameketi kigodani, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Neno moja lilikuwa linamchukua pumzi moja. Nilifungua kifungo, nikampa. Alivuta, akashikilia, akavuta tena. Polepole mabega yake yakatulia.

"Ulinunua lini?" aliuliza.

"Ijumaa."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa Sirari. Nikichagua begi."

Hakunifokea. Alinyanyuka, akaingia ndani, akalala akiugeukia ukuta. Punda walipofika na lita zangu sabini, ni mimi peke yangu niliyetoka kuwapokea.

Jumatatu alfajiri nilirudi Tarime mikono mitupu, na nilitembea vizuri kuliko wakati wowote. Nilichojifunza ni hiki: begi la dharura huchaguliwa siku ambayo hakuna dharura. Lichague leo, ukiwa na utulivu. Panga kwanza vitu, kisha tafuta begi la kuvitosha, lenye urefu wa mgongo wako. Libebe likiwa limejaa, uzunguke nalo mtaa mzima. Lakini simu ikishaita, hiyo si saa ya kuchagua. Chukua kinachohitajika, uende.

Nimemsomea mke wangu maneno haya kwa simu. Amesema mambo ya mgongo na nyonga nimeyaeleza vizuri, yatamsaidia mtu. Ila nimesahau kuandika kwamba pampu yake iliisha Jumamosi saa kumi jioni, na kwamba aliponipigia baadaye kuuliza nimefika wapi, hakunieleza hilo kwa sababu alikuwa anaitunza pumzi.

Nimeandika.