Wale Wawili wa Duka la Mablanketi

Nimerudi Kilolo mwezi huu kuezeka upya nyumba ya bibi, na kila asubuhi ukungu unafika mpaka mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. Fundi anashuka kwenye paa kwa sababu mabati yanateleza, anaomba chai, tunakaa tukingoja jua. Katika kungoja huko ndipo zile nyimbo zilipoanza kunirudia. Wewe uliyekua zama za kaseti utanielewa. Kuna muziki tulioupenda kabla hatujajua kwamba kupenda muziki ni jambo lenye jina.

Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, nikiishi na bibi peke yetu. Siku zetu zilikwenda kwa utaratibu usiobadilika. Alfajiri tunapuliza moto wa kuni za mkaratusi, ambao moshi wake unakaa kwenye sweta hata ulifue mara ngapi. Bibi anafukia viazi kwenye majivu, mimi naviokota nikienda shule, kimoja kila mfuko, mikono isife ganzi. Jioni tunapukuchua mahindi. Masika yakishika, tunakwenda nyuma ya nyumba kwenye mianzi, bibi anapunguza ncha ya mwanzi mchanga kwa kisu na kutega mbeta, kile kikombe cha mwanzi, ili ulanzi, ile pombe ya mwanzi, udondoke humo usiku kucha. Ilikuwa nchi ya sauti ndogondogo. Labda ndiyo maana muziki ule ulinipata kirahisi.

Uliletwa na dereva wa lori la viazi. Alikuja kila siku ya gulio, akipakia magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo, kupeleka Iringa, na mengine moja kwa moja hadi Mbeya. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi, na alikuwa na tabia ya kuacha milango ya lori wazi ili kaseti yake isikike gulio zima. Tulizoea kusikia bendi za dansi na matarumbeta. Siku hiyo zikatoka sauti mbili za wanawake, karibu karibu, zikiimba kama watu wasiotaka kumwamsha mtoto. Chini yake kulikuwa na gitaa, kinanda chembamba, na mdundo mkavu, mwepesi, kama mvua ya rasharasha iliyofundishwa kuhesabu. Waliimba: ukungu ukipanda, nitakuona ulipo. Nilisimama na debe la viazi kichwani nikasahau kulitua.

Bibi naye aliacha kufunga gunia.

"We dereva, hiyo sauti ya chini umeitoa wapi?"

"Iringa mjini, bibi. Kaseti wanauza kwenye duka la mablanketi. Wenyewe hawana jina, watu wanawaita Wale Wawili."

"Wote hawana jina? La mmoja mimi ninalo. Huyo ni binti wa jirani yangu. Nimemsikia akilia tangu siku aliyozaliwa, nitamkosa akiimba?"

Ilikuwa kweli. Jirani yetu, mjane mwenye shamba la njegere lililopakana na letu, alikuwa na binti mmoja tu aliyejifunza gitaa kwenye kwaya ya usharika, kisha akaenda Iringa kusomea ushonaji. Tangu siku ile sikumwita tena kwa jina lake. Kwangu akawa Mwenye Gitaa.

Niliendelea kumsumbua bibi kuhusu ule mdundo. Haukuwa ngoma, haukuwa kayamba, haukuwa mtu anayegonga meza. Bibi alipokwenda mjini kuuza maharage na kununua blanketi, alinichukua, akisema afadhali nikauone kuliko nimmalize masikio.

Duka lilikuwa karibu na soko, la mfanyabiashara ambaye wazee wake walipanda kutoka pwani na vitambaa, wakapenda Iringa, wakabaki. Tulipokewa na binti yake, msichana mwenye ushungi wa kijani na kicheko kilichokuwa kikimtangulia.

"Shikamoo, bibi. Karibuni. Mbona mmekuja na baridi yote mwilini?"

"Marahaba. Tumetoka nayo Kilolo," bibi akasema. "Mimi nimefuata blanketi. Huyu amefuata ngoma."

"Ngoma gani tena?"

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba ni ile ya kwenye kaseti. Yule msichana akapiga makofi, akageukia mlango wa nyuma. "Mwenzangu! Njoo haraka, watu wa kwenu wamekuja kukagua ngoma!"

Mwenye Gitaa akatoka na futi ya kupimia shingoni, akapiga goti kidogo, akaamkia kwa Kihehe. "Kamwene, bibi." Wakatupeleka stoo. Ilikuwa imejaa mablanketi kutoka sakafuni hadi darini, na mle ndani hata kikohozi changu kilisikika kama cha mtu mwingine, laini, kisicho na mwangwi. Katikati kulikuwa na cherehani ya miguu. Yule binti wa mwenye duka akachomoa uzi, akaondoa sindano, akaketi, akaanza kukanyaga. Tiki-tiki, tiki-tiki, tiki. Ndio wenyewe.

"Si uchawi," akanambia. "Betri zote zinaliwa na kinanda changu. Ngoma hii inakula miguu tu."

Huyo ndiye Mwenye Kinanda. Walikuwa wakirekodi Ijumaa mchana, duka likifungwa baba yake akienda msikitini, kwa sababu ndio wakati pekee ambao mlango haukufunguliwa kila dakika. Baba alijua. Alijifanya hajui, na akirudi alikohoa kwa nguvu mlangoni ili wamalize ubeti. Bibi alinunua blanketi la bluu na kaseti moja. Mwenye duka aliandika kaseti kwenye risiti kama "uzi".

Baada ya hapo niliwafuata kupitia mdomo wa dereva. Yeye ndiye aliyewapa lifti, wakikaa mbele naye, kinanda kikiwa kimefungwa kwa khanga juu ya mapaja. Kila gulio alileta habari, nami nilikwenda nazo darasani mbele ya ramani ya Tanzania nikiweka kidole pale walipofika. Idodi, kwenye njia ya kwenda mbugani, joto liliwafanya waimbe wamevua viatu, na watu wakaomba wimbo wa ukungu urudiwe ingawa wengi wao hawakuwahi kuona ukungu. Mbeya waliimba kwenye harusi, mvua ikanyesha, wageni wakasogea ndani mpaka bibi harusi akakosa pa kukaa. Mwenye ukumbi wa huko aliwaambia waje baada ya Pasaka, wakae msimu mzima, kuna chumba chenye mitambo ya kweli ya kurekodia. Hilo ndilo walilokuwa wakilitamani tangu mwanzo. Nililala nikiliota kwa niaba yao.

Kisha dereva akaleta habari ya Igawa, kwenye njia ya Mbeya. Alisimama juu ya magunia, gulio limejaa, akatangaza kama mtu anayetangaza ushindi wa timu ya kijiji.

"Igawa mngekuwepo! Baa nzima kimya! Walevi wameweka chupa chini wanalia kama watoto. Mwenye baa mwenyewe kaacha kuuza!"

Watu wakacheka na kushangilia. Nami nilishangilia. Lakini jirani yetu alikuwa pale na kikapu chake cha njegere, naye alikuwa mzee wa kanisa.

"Umesema baa?" akauliza.

"Ndiyo, mama, lakini wao walikunywa soda. Soda tupu, naapa!"

"Sijauliza walikunywa nini."

Dereva alishuka kwenye magunia polepole. Siku hiyo hakuwasha kaseti tena.

Baraza la wazee lilikaa wiki ile ile. Jirani yetu alikuwepo kikaoni, na ulipofika wakati wa kunyoosha mikono alinyoosha wake pamoja na wengine. Binti yake akatengwa. Kwa watu wasiojua desturi yetu, maana yake ni kwamba unaweza kuja kanisani lakini unakaa benchi la mwisho, na wenzako wakiinuka kwenda kwenye Meza ya Bwana wewe unabaki. Kurudi kundini lazima usimame mbele ya usharika, uulizwe kama unakiacha kilichokutenga, ujibu. Bibi hakumficha mtu mawazo yake. "Ulanzi wangu wameunywa asubuhi," alisema, "jioni wanahukumu baa ya watu wa Igawa." Lakini alisema hivyo jikoni kwetu tu.

Ndipo jirani akaanza kuugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na hospitali walimwambia moyo umechoka. Alikuwa akija kuota moto kwetu kwa sababu kupuliza wake kulimshinda. Jioni moja alimwambia bibi, nami nikiwa napukuchua pembeni:

"Sidai kitu kingine. Nataka Pasaka hii twende mezani pamoja, mimi na yeye. Nikienda peke yangu nitakuwa nimekwenda na mkono ule niliounyoosha."

Bibi aliongeza kuni. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa hesabu yote: Pasaka kanisani au Mbeya baada ya Pasaka, na swali la mchungaji likiwa katikati. Usiku niliomba yote mawili yatokee. Nilipomweleza bibi, alisema njia mbili zilimshinda fisi, akanifunika lile blanketi la bluu.

Pasaka mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mwenye Gitaa alikuja na lori, na hakuja peke yake. Mwenye Kinanda alishuka akiwa na ushungi wake wa kijani, akaingia naye kanisani, akaketi naye benchi la mwisho. Shingo zote zikageuka. Nadhani hakuna Mwislamu aliyewahi kuketi mle siku ya Pasaka. Bibi, ambaye kiti chake kilikuwa mstari wa tatu miaka yote, aliinuka, akanishika mkono, tukaenda kukaa nao.

Mchungaji alimwita Mwenye Gitaa. Alitembea mpaka mbele, viatu vyake vikiacha tope sakafuni. Akaulizwa kama anatubu. Akasema ndiyo. Akaulizwa kama anaziacha nyimbo za dunia.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilijua nilichotaka aseme, na nilijua kwamba si lazima niombe radhi kwa kukitaka. Hakumtazama mchungaji. Alimtazama mama yake kwenye benchi la mbele, jinsi mabega yalivyopanda na kushuka akitafuta pumzi.

"Naziacha," akasema.

Kwaya ikaanza kuimba, watu wakapanga mstari kumpa mkono. Ulipofika wakati wa meza, mama alimshika binti yake kifundo cha mkono, kama unavyomshika mtoto mkivuka mto, wakaenda. Pembeni yangu Mwenye Kinanda alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya ushungi.

"Dada, unalia?"

"Nina mafua. Kilolo kwenu baridi mno."

Mchana tulikula wote kwa jirani, kuku na viazi, na Mwenye Kinanda ndiye aliyechekesha watu zaidi ya wote. Kisha akapanda lori. Mwenye Gitaa hakurudi mjini. Alibaki kumpulizia mama yake moto, na mama aliuona moto huo masika mengine mawili, zaidi ya ambavyo hospitali walitegemea.

Nilipokuwa mtu mzima, kazi ilinipeleka Mbeya, nikamkuta Mwenye Kinanda huko Mwanjelwa akiwa na duka lake la vitambaa. Hakunikumbuka mpaka nilipotaja ngoma. Nikamwuliza kama alimlaumu mwenzake. Alikuwa anapima kitenge cha mteja, akaendelea kupima.

"Mama alikuwa naye mmoja. Nyimbo tulikuwa nazo nyingi." Akakata kitambaa. "Ila usinifanye mtakatifu. Nilikasirika mwaka mzima."

Leo kanisa letu lina ngoma za kisasa na kinanda kikubwa kuliko meza ya mchungaji. Kwaya ya vijana inarekodi video, wanacheza, wazee wanapiga makofi, na hakuna anayeuliza wimbo uliimbwa wapi kwanza. Nimewahi kukaa pale nikajikuta na hasira isiyo na wa kuielekezea, kwa maana waliohukumu wamelala makaburini na waliobaki ni watu wema. Duka la mablanketi siku hizi linauza simu. Dereva alifariki akiwa bado anaamini ni yeye aliyeua muziki. Mianzi ya bibi ilikatwa kupisha parachichi. Kaseti yangu ilianza kusikika kama watu wanaoimba chini ya maji, na mwisho ikawa haisikiki kabisa. Nimetafuta nyingine Iringa na Mbeya bila kuipata.

Jana ukungu ulikawia kuondoka kuliko kawaida, fundi akaenda zake, nami nikavuka kwenda kwa Mwenye Gitaa. Anaishi kwenye nyumba ya mama yake, ni bibi wa wajukuu kadhaa, na nilimkuta akibambua njegere. Nilimwamkia, akanipa ungo tusaidiane. Tulizungumza bei ya mabati. Kisha, kwa kuwa tumeshazeeka vya kutosha, nikamwambia kwamba katika nyimbo zao zote ninaupenda ule wa ukungu, na katika ule wa ukungu ninapenda pale sauti ya pili inapoingia kabla ile ya kwanza haijamaliza. Nikamwambia utoto wangu wote niliona pametengenezwa kwa akili sana, kama mtu aliyeshindwa kungoja.

Alicheka mpaka njegere zikamwagika.

"Pale? Pale mwenzangu alikosea. Aliwahi mno kuingia." Akainama kuziokota moja moja. "Nilitaka turudie. Akasema basi, tutarekebisha tukifika Mbeya."